Lerko

Kabla hajawa mungu alikuwa tangi la mvuke,
chuma kilichotupwa na kiwanda nyuma ya reli ya Muhoroni
mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka,
tumbo limepasuka, kutu imemla
hata kibati cha jina lake kikabaki na herufi tano:
L, E, R, K, O.

Mimi na Chumo ndio tuliomsoma kwanza.
Tulikuwa ndani yake tukitafuna miwa ya wizi
Makokha mlinzi alipopita na rungu na kurunzi,
na Chumo, kwa hofu, akakohoa.
Chuma kikakipokea kile kikohozi,
kikakigeuzageuza tumboni,
kikakitoa kizito, kizee, si cha mtoto wa mtu.
Makokha akaangusha kurunzi akatimua mbio.
Tulicheka mpaka miwa ikatupalia.
Kurunzi tukaichukua.
Hiyo ndiyo sadaka ya kwanza.

Asubuhi sokoni Makokha akaapa kuwa ameitwa kwa jina.
Hatukumsahihisha.
Nani huutoboa uongo unaomsitiri mvua?

Waluo wakasema Lerko ni neno la Wanandi.
Wanandi wakasema la, ni la Waluo, la zamani sana,
ndiyo maana wao wenyewe wamelisahau.
Akina Makokha hawakusema kitu, wakaleta jogoo.
Jina lisilo na kwao
halibishiwi hodi mlango wowote.

Min Apondi akaja na unga wa wimbi,
kijana wake alikuwa amelazwa, homa imemshika kooni.
Kijana akapona.
Daktari alimdunga sindano sita; Lerko akashukuriwa.
Unga tuliupika uji, mimi na Chumo,
mayai tukayachemsha kwenye kopo,
mungu akanenepa na sisi tukanenepa.

Lakini hakuwa mungu bado. Alikuwa mchezo wenye chakula.

Alipata uungu siku ya Khalayi.
Alimleta mtoto mgongoni, usiku, mvua inanyesha,
akaomba mpaka sauti ikamkauka,
na alfajiri mtoto alikuwa amepoa.
Sisi tulikuwa ndani. Tulisikia yote.
Hatukukohoa.
Nilingoja amlaani, apige chuma teke, 
aseme: humu hamna mtu.
Akatazama miguu yake.
Akasema, "Nilikuja na viatu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemkaribia amevaa viatu.

Miaka ikapita. Chumo aliokoka, dhambi ikamuwasha,
akasimama mbele ya watu siku ya soko, akaungama:
ni mimi niliyekohoa, mayai nilikula mimi,
Lerko ni mabaki ya jina la kampuni.
Watu wakamsikiliza kwa heshima kubwa.
Kisha mzee mmoja wa kike akamshika mkono, akauliza:
"Watoto wote wa Muhoroni waliiba miwa.
Kwa nini alikohoa kwa kifua chako?"
Chumo akafungua mdomo. Nilikuwepo.
Mpaka leo hajajibu, na Jumapili
watu humletea watoto awashike vichwa.

Mwaka jana walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kisumu
na mitungi ya gesi na moto wa buluu.
Walimkata vipande kumi na kimoja, wakampima kwa kilo,
wakamlipa chifu, wakaondoka.
Mmoja wao alipata ajali Awasi, alivunjika kidole tu,
lakini kidole kilitosha.

Sasa pale pana nyasi za njano, umbo la tumbo,
na viatu vimepangwa pembeni jozi kwa jozi.

Juzi nilipita usiku nikitoka kwenye matanga.
Mimi nimesoma. Mimi nilikula yale mayai.
Nilitazama nyuma, nikatazama mbele,
nikainama, nikafungua kamba za viatu.
Umande ulikuwa baridi.
Nikakohoa, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.

Mbwa wote wa upande wa reli wakanyamaza.